Nani Atachimba Choo? Kuisoma Riwaya ya Freiland Kutokea Ngara

Katika semina zetu za fasihi kuna hukumu moja ambayo imekuwa rahisi mno kutolewa. Ikitajwa riwaya ya nchi ya kubuni, mtu husimama, akatamka kwamba "imekosa uhalisia", kisha akakaa. Wenzake hutikisa vichwa, na shauri limekwisha. Mimi sikubaliani na hukumu hiyo. Si kwamba ni ya uongo, bali haisemi kitu. Nchi ya kubuni haina uhalisia, sawa, lakini nani aliyesema ilitaka kuwa nao? Swali linalofaa kumwuliza mwandishi aliyejitwika kazi ya kuumba nchi ni lile ambalo tungemwuliza mwenyekiti wa kijiji: umepanga vipi? Maji yatatoka wapi? Barabara itapita shambani kwa nani? Nani atakata shauri watu wakigombana? Na kwa lugha ya nyumbani kabisa, nani atachimba choo?

Katika makala hii nakusudia kuihakiki riwaya ya Freiland, yaani Nchi Huru, iliyoandikwa na Theodor Hertzka na kutolewa mwaka 1890. Nitaisoma sambamba na Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), na sambamba na kitu cha tatu ambacho si kitabu, nacho ni mji wa Benaco wilayani Ngara, uliozuka mwezi Aprili 1994. Najua wapo watakaouliza, kambi ya wakimbizi imeingiaje katika uhakiki wa fasihi? Nawaomba wavute subira. Benaco ilipangwa kwa kufuata kitabu, na kitabu chochote kinachowaambia watu waishi vipi kinaweza kuhakikiwa.

Freiland ni kitu gani?

Hertzka alikuwa mchumi na mwandishi wa magazeti mjini Vienna. Riwaya yake inasimulia habari za chama cha watu huru kutoka Ulaya na kwingineko wanaoamua kuanzisha nchi mpya isiyo na bwana wala mtwana. Nchi hiyo wanaiweka wapi? Hapa hapa kwetu, Afrika Mashariki, kwenye nyanda za juu karibu na Mlima Kenya. Msafara unatua Mombasa, unapita Taveta na nchi ya Wamasai, unafika kwenye bonde zuri ambalo wahusika wanaliita bonde la Edeni, na hapo ndipo mji mkuu unapojengwa.

Msingi wa nchi hiyo ni hiari. Hakuna mtu anayemiliki ardhi peke yake, lakini kila mtu yuko huru kujiunga na chama chochote cha uzalishaji, kukihama akipenda, na kuvuna kadiri ya kazi yake. Mtaji unatolewa bila riba. Soko liko wazi, takwimu zinatangazwa hadharani, na kila mmoja huelekea kwenye faida kubwa zaidi. Wale wanaojiita watetezi wa uhuru usio na serikali siku hizi wasingemkubali Hertzka kwa kila jambo, maana suala la ardhi lingewachoma. Hata hivyo wangemtambua kama ndugu wa ukoo. Imani ni ile ile: waache watu, waondolee mabwana, nao watapangana wenyewe.

Nataka kuwa mwadilifu kwa mwandishi huyu. Tofauti na wengi wanaoota nchi mpya, Hertzka anajua kuwa nchi haijengwi kwa hotuba. Ameigawa kazi ya umma katika idara 12. Zimo elimu, barabara na vyombo vya usafiri, posta, takwimu, maghala, benki kuu, kazi za umma na mambo ya nje. Ipo pia idara inayoshika afya na sheria kwa pamoja, kwa sababu katika nchi hiyo mhalifu huhesabiwa kuwa mgonjwa. Na anakubali kuwa haya yote yanahitaji fedha, kwa hiyo kila pato hukatwa fungu la umma. Kwa hiyo anayesema Hertzka alikuwa mwota ndoto tu, hajamsoma. Huyu ni mwandishi wa mipango. Ndiyo maana lazima tumpime kama mpangaji.

Msuko na mandhari

Kifani, riwaya hii imefumwa kwa mikono mingi. Sehemu ya mwanzo ni masimulizi ya safari yenye mizigo, wanyama wa kubeba, kambi na mapatano na Wamasai. Baadaye tunapata historia ya nchi inavyokua. Kisha miaka mingi inarukwa, na kijana wa Kitaliano anakuja kutembea na kuandika barua kwao akisifu nyumba zenye bustani, mashine na njia. Mwisho kuna mkutano mkubwa wa dunia ambamo wajumbe wanahojiana kama nchi hii inaweza kuigwa. Katikati inapita vita na Wahabeshi, ambayo Freiland inashinda.

Wahakiki wa shule ya zamani watasema wahusika ni bapa. Kweli, ni bapa kama chapati. Lakini kwangu tatizo kubwa zaidi liko kwenye mandhari. Hertzka anawapeleka watu wake kwenye bonde ambalo analieleza kama lisilo na mtu. Wakikuyu wapo, ila upande wa pili wa majabali. Wamasai wapo, ila njiani. Bonde lenyewe ni jeupe kama karatasi. Sasa, ndugu zangu, nani asiyeweza kupanga mji juu ya karatasi? Barabara hukunjwa popote unapotaka. Hakuna kaburi la babu wa mtu linalokatiza, hakuna mgomba, hakuna mtu wa kuuliza, "Nyie mmetumwa na nani?"

Huu si upungufu mdogo wa utafiti. Ni hila ya kifani yenye kazi ya kimaudhui. Ili nchi ya hiari iwezekane, mwandishi amehitaji kwanza ardhi ambayo haikuhitaji hiari ya mtu. Itazame tena ile orodha ya idara 12 na ujiulize, Mkikuyu na Mmasai wanaangukia idara gani? Labda ile ya mambo ya nje. Yaani mwenyeji ndiye wa nje! Wahenga walikwisha kusema: asiyekuwapo na lake halipo. Hertzka amegeuza msemo huo ukawa mbinu ya uandishi. Kwanza humwondoa mtu ukurasani, kisha hugawa kilichobaki.

Yaliyotokea Lamu

Riwaya chache zimepata bahati ya kujaribiwa. Wapenzi wa Freiland waliunda vyama Ulaya, na mwaka 1894 kundi dogo likaja kweli, likiongozwa na daktari mmoja aliyeitwa Julius Wilhelm. Walishukia Lamu. Nia ilikuwa kupanda kwa njia ya mto Tana hadi Mlima Kenya. Hawakufika. Waliganda pwani bila namna ya kusonga mbele, wakagombana wao kwa wao, na mwaka huo huo msafara ukavunjwa.

Wengi wakisimulia kisa hiki hucheka. Mimi sioni cha kucheka, naona funzo la uhakiki. Kitabu kilikuwa na idara ya barabara lakini hakikuwa na barabara. Kati ya Lamu na Mlima Kenya kulikuwa na watu, mamlaka, maji ya kupanda na kushuka, wenye mashua, wapagazi wenye bei zao. Bonde tupu lilikuwa mbali, na njia ya kwenda huko haikuwa tupu hata kidogo. Miaka miwili baadaye, Theodor Herzl, naye mwandishi wa Vienna aliyekuwa akipanga dola katika Der Judenstaat (1896), aliigusia Freiland akiiona kama mtambo uliofungwa vizuri ila hauna ushahidi kwamba utawaka.

Asidhani mtu kwamba habari hizi zimepitwa na wakati. Tarehe 13 Aprili 2015 Vít Jedlička wa Ucheki alitangaza nchi aliyoiita Liberland kwenye kipande cha kilometa za mraba 7 hivi, ukingoni mwa mto Danube, kati ya Kroatia na Serbia. Kodi huko ingekuwa ya hiari. Msanifu majengo mashuhuri, Patrik Schumacher, aliichorea mji, nao mji huo ukajengwa kwenye kompyuta. Ardhini kwenyewe, polisi wa Kroatia walivunja vibanda vya wafuasi mwezi Septemba 2023. Tazama walivyochagua mahali: kipande walichodai hakina mwenyewe, tena hakina wakazi. Ni bonde la Edeni lile lile, miaka 125 baadaye. Karatasi nyeupe ndiyo wanayoitafuta kila mara.

Benaco: mji uliotangulia ramani

Sasa nije kwetu. Kwetu ni Ngara, na mwaka 1994 mimi sijazaliwa. Lakini wazee wa kwetu huhesabu miaka kwa jambo hilo. Husema "kabla ya wakimbizi" na "baada ya wakimbizi", kama vile wengine wasemavyo kabla na baada ya uhuru.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa kama saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Walisimama mahali panapoitwa Benaco, karibu na kijiji cha Kasulo, jina lililoachwa na kampuni ya ujenzi iliyokuwa na kambi yake hapo wakati wa kujenga barabara. Palikuwa na bwawa dogo, palikuwa na barabara, basi. Watu walisema kuwa kwa ghafla Benaco imekuwa mji wa pili kwa ukubwa Tanzania. Kadiri miezi ilivyopita zikafunguliwa kambi nyingine kama Lumasi, Musuhura na Lukole, na wageni wilayani wakawa wengi kuliko wenyeji.

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wa Hertzka wasimame. Freiland ni mpango unaotafuta watu. Benaco ni watu waliotafutiwa mpango. Na mpango ulikuwapo, umeandikwa kitabuni. Mwongozo wa dharura wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) una hesabu zake. Mtu mmoja anahitaji lita 20 za maji kwa siku na mita za mraba 45 za eneo, na choo kimoja kisitumiwe na watu zaidi ya 20. Familia 16 zinafanya jumuiya ya watu 80, jumuiya 16 zinafanya mtaa, mitaa minne inafanya sekta ya watu 5,000, na sekta nne zinafanya kambi ya watu 20,000. Zaidi ya hapo isifike.

Ukiusoma mwongozo huu kama mhakiki, utaona ni ndugu wa riwaya ya nchi ya kubuni. Una mandhari na una utaratibu mzuri sana, ila hauna mhusika hata mmoja mwenye jina. Na kama riwaya za aina hiyo, ulikutana na ulimwengu na ukapasuka. Watu 250,000 ni zaidi ya kambi 12 za mwongozo, nao walikuja siku moja. Hata hivyo, na hili lazima tulikiri, maji yalivutwa kutoka bwawani na kusafishwa, vyoo vikachimbwa, malori ya chakula yakafika. Watu wengi sana waliishi ambao wangekufa. Kwa mpango uliopasuka, si haba.

Serikali iliyovuka daraja

Lakini lipo jambo moja dogo la mpango ambalo lilikuja kuwa kubwa. Watu walipangwa kukaa kwa kufuata wilaya zao za nyumbani, zile zilizoitwa komini. Ilikuwa njia rahisi. Watu wanafahamiana, viongozi wapo, orodha za chakula zinaandikwa upesi. Kumbe viongozi wenyewe ni akina nani? Baadhi yao ni wale wale waliosimamia mauaji ya Watutsi upande wa pili wa daraja. Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa mkuu wa komini ya Murambi, alikuwa Benaco. Mwezi Juni 1994 palipofanyika jaribio la kumwondoa kambini, umati ukafanya fujo na wafanyakazi wa misaada wakawa hatarini. Mwaka 2011 Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyoketi Arusha, ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari.

Fikirini hapo. Mji hauna serikali yake, polisi ni wachache mno kwa umati ule, kila mtu amejipanga na anaowafahamu. Kwenye karatasi hiyo ni karibu hali ambayo watetezi wa nchi bila dola wanaiomba. Kilichotokea ni kwamba dola ilivuka daraja pamoja na watu, ikajikalia mlangoni pa ghala la chakula. Pasipo sheria inayosikika, uhuru wa wote hugeuka uhuru wa mwenye nguvu. Na ile idara ya Hertzka ya afya na sheria, inayomwona mhalifu kuwa mgonjwa, ingemfanyia nini mtu kama huyo? Ingempa kitanda?

Pingamizi la soko

Natarajia pingamizi, na ni pingamizi zuri. Mwenzangu mmoja tuliyejadiliana naye alisema hivi: "Mbona husemi habari za soko la Benaco? Nani alilipanga lile?" Ni kweli, hakuna aliyelipanga. Wakimbizi walipewa mahindi ambayo wengi wao hawakuyazoea, wenyeji walikuwa na ndizi na mihogo, na biashara ikaanza. Pakatokea vinyozi, mafundi baiskeli, wauza nyama, vilabu vya pombe. Wakulima wa Ngara wenye mashamba makubwa walipata vibarua na wakapanua mashamba. Hapakuwa na leseni wala ofisa biashara. Je, huo si ushahidi kuwa watu wakiachwa hujenga wenyewe?

Ni ushahidi, ila wa nusu ya jambo. Hebu tulifungue soko lile kama tunavyofungua shairi, tuone limesimama juu ya nini. Mahindi yaliletwa kwa misaada. Yalipita kwenye barabara ya lami ya kutoka Lusahunga, wilayani Biharamulo, hadi Rusumo, barabara ya umma. Maji yalivutwa na mashirika. Lipo jambo jingine ambalo soko halikulitia bei nalo ni kuni. Kila chungu kilichochemka Benaco kilichemshwa kwa mti wa Ngara, na vilima vikawa vipara kadiri mtu alivyoweza kutembea na kurudi kwa siku. Kina mama wa vijiji vya jirani ndio waliolipa, kwa kutembea mbali zaidi. Aliyekuwa na shamba kubwa alineemeka, na mjane mwenye vichaka viwili aliibiwa mihogo. Tukisema "soko lilijipanga lenyewe" bila kutaja kuni, tunafanya lile lile alilofanya Hertzka. Tunamwondoa mtu ukurasani halafu tunashangilia nafasi iliyobaki.

Wala siandiki haya ili kuisifia serikali kama mpangaji. Sisi tuliolelewa kwa kusoma Gamba la Nyoka (1979) ya Euphrase Kezilahabi tunajua jinsi vijiji vilivyopangwa kwa mkono wa nguvu. Mwezi Novemba 1973 ilitangazwa kuwa kuishi vijijini ni amri, na baada ya hapo wapo waliobomolewa nyumba zao na kushushwa porini kutoka kwenye lori. Na Benaco yenyewe ilimalizikaje? Mwanzoni mwa Desemba 1996 Serikali ya Tanzania na UNHCR walitangaza kwamba wakimbizi wote wa Rwanda wawe wamerudi kwao ifikapo tarehe 31 ya mwezi huo. Wengi walijaribu kukimbilia mashariki badala ya kurudi. Wanajeshi wakawageuza, wakaelekezwa Rusumo. Mji ulioingia kwa siku moja ulitoka kwa majuma machache, na katika yote mawili, kuja na kwenda, hakuna aliyeulizwa. Kambi ya Lukole ya Warundi ilibaki hadi mwaka 2008, na watu wake wakiwa wamewekewa mpaka wa kilometa 4 wasiupite.

Kwa hiyo karatasi nyeupe inapendwa na pande zote, mwenye dola na asiyetaka dola. Wote wawili wangependa kuanza pasipo mtu.

Kusadikika kama kitabu cha mipango

Ndipo ninapomrudia Shaaban Robert. Tumezoea kuisoma Kusadikika kama fumbo dhidi ya ukoloni, na usomaji huo ni sahihi. Mimi napendekeza tuisome pia kama kitabu cha mipango, na tuone kwamba kinampita Hertzka.

Kwanza tazama mandhari. Kusadikika inaelea angani. Hapo mtu angesema, afadhali ya Hertzka aliyeshika mlima na mto wa kweli! Lakini Shaaban hajaichagua anga ili apate nafasi tupu. Nchi yake imejaa watu tangu ukurasa wa kwanza, tena watu wenye kero, wivu, vyeo na jela. Hakuna barabara hata moja ya kujivunia. Kinachojengwa katika kitabu chote ni kitu kimoja tu, baraza la kumsikiliza mtu.

Karama ameshtakiwa kwa kosa la kutaka kufundisha uanasheria. Mshitaki wake ni Majivuno, waziri. Karama anajitetea siku baada ya siku kwa visa vya wajumbe sita waliotumwa pande sita kutafuta mambo ya kuifaa nchi, wakateseka njiani, na waliporudi na habari wakatupwa gerezani. Ukivisoma visa hivyo kwa jicho la mpangaji, utaona Shaaban anajua jambo ambalo idara 12 hazikulijua. Nchi haikosi mawazo ya maendeleo. Mawazo yameletwa, tena kutoka kila upande. Kinachokosekana ni sikio. Mjumbe amerudi na dawa ya ugonjwa, nchi imemfunga mjumbe.

Ndiyo maana kesi ya Karama inahusu sheria na si daraja. Daraja linaweza kujengwa na yeyote mwenye mawe, lakini kuamua lijengwe kwa nani na shamba la nani likatwe, hapo panataka mahali ambapo hata mshitakiwa anaweza kusema na mfalme akanyamaza. Na kifani Shaaban amelitimiza hilo. Mtu mwenye maneno mengi zaidi kitabuni ni mshitakiwa. Katika Freiland wenye maneno mengi ni waanzilishi na wageni waliokuja kusifu. Mkikuyu hana hotuba.

Watakuwapo wa kusema kuwa mwisho wa Kusadikika ni wa kitoto, kwa vile mfalme anageuka tu na wafungwa wanaachiwa. Nakubali kwamba mgeuko huo umefanywa haraka. Lakini haukuletwa na muujiza. Umeletwa na siku sita za kusikiliza, na huo ni mpango mzuri kuliko ule wa kutafuta bonde lisilo na mtu.

Tukirudi Ngara na kipimo hicho, tunaweza kuona kilichokuwa cha thamani zaidi katika miundombinu ya miaka ile. Mabomba yaling'olewa, mahema yakaoza. Mwaka 1995 Wajesuiti wa shirika la kuhudumia wakimbizi walianzisha Radio Kwizera pale Ngara, na jina lake ni neno la tumaini kwa lugha za huko. Wakimbizi na wenyeji walisikia habari moja kwa wakati mmoja, na sauti zao zikapita hewani. Kambi zilifungwa, redio ikabaki. Labda Shaaban Robert asingeshangaa. Katika nchi yake ya angani, sauti ndiyo barabara ya kwanza.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kosa la Freiland si kukosa uhalisia. Ina uhalisia mwingi wa mashine, fedha na idara. Kosa lake ni mandhari iliyofagiliwa watu ili mpango upite, na kosa hilo linarudiwa na kila anayetangaza nchi mpya mahali anapopaita hapana mwenyewe, awe Danube au kwingineko. Benaco inatufundisha kulisoma kosa hilo, kwa sababu Ngara haikuwa karatasi nyeupe. Ilikuwa na miti, wenye miti, na njia za kwenda kisimani, na mji wa robo milioni ukatua juu yake.

Leo hii Ngara na Biharamulo zinapangwa tena. Umeme wa maporomoko ya Rusumo, megawati 80, unagawanywa kwa nchi tatu. Nikeli ya Kabanga inangojwa. Mapori ya akiba ya Biharamulo na Burigi yaliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato mwaka 2019. Malori ya Kigali na Bujumbura yanalala Benaco kila usiku, na Benaco sasa ni senta yenye maduka na nyumba za wageni. Kila moja ya mipango hii ina kitabu chake mezani kwa mtu. Kazi yetu sisi wanafunzi wa fasihi ni kuvisoma vitabu hivyo kama tunavyosoma riwaya, na kuuliza maswali tuliyofundishwa: nani anasimulia, nani amepewa jina, nani ameondolewa ukurasani ili hadithi iende vizuri?

Na lile swali la kichwani bado liko palepale. Katika Freiland sikumwona mchimba choo. Katika mwongozo nimeiona idadi ya vyoo, ila mchimbaji hana jina. Benaco walichimba wakimbizi wenyewe na vibarua wa Kasulo, kwenye ardhi ya watu ambao hawakuitwa kikaoni. Mwenye jibu bora, au mwenye riwaya ya Kiswahili inayolijibu kuliko Kusadikika, ukumbi ni wake.